Kulisoma neno la dini kwa jicho la sarufi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Fungua Mwanzo 1:2 katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile inayojulikana kama Union Version: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Sasa fungua Mathayo 3:16 katika kitabu hichohicho: Yesu "akamwona Roho wa Mungu akishuka kama hua". Pale ni roho ya, tena ikatulia. Hapa ni Roho wa, tena akishuka. Nomino ni ileile, lakini viambishi vimebadilika, na msomaji amehamishwa kutoka kwenye nguvu au pumzi iliyotanda juu ya maji hadi kwenye nafsi inayokuja na kutua. Wengi wamezisoma aya hizo tangu utotoni bila kuliona badiliko hilo. Sarufi ya lugha uliyokulia haijitangazi, inapita tu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma maandiko kwa Kiswahili, awe Mkristo, Mwislamu au mwanafunzi wa dini, na anayetaka kujua neno fulani limebeba nini hasa kabla hajalijengea hoja. Si lazima ujue Kiebrania, Kigiriki au Kiarabu kwa ufasaha. Unahitaji daftari, tafsiri mbili tatu za andiko lilelile, kamusi nzuri, itifaki au faharasa ya maneno (kitabu kinachoonyesha kila neno limo katika aya zipi), na subira. Ninachoshikilia ni kwamba mfasiri huamua kwa niaba yako mahali padogo sana: kwenye kiambishi, irabu, herufi kubwa, au kauli ya kitenzi. Pajue mahali hapo kwanza, kisha ndipo uende kwenye mafundisho.

Hatua ya kwanza: nakili sentensi nzima

Usianze na neno likiwa peke yake. Andika aya yote kwenye daftari, na kama unaweza, aya moja kabla yake na moja baada yake. Neno la dini likitolewa katika sentensi hupoteza nusu ya ushahidi wake.

Chukua neno la Kiarabu din. Katika Qurani, sura ya Al-Fatiha aya ya 4, tunasoma yawm ad-din, na wafasiri wa Kiswahili huandika "siku ya malipo". Katika Al-Kafirun aya ya 6 neno hilohilo linarudi, lakum dinukum wa liya din, na hapo tafsiri ni "dini": nyinyi mna dini yenu nami nina dini yangu. Mtu aliyejifunza kwamba "din maana yake dini" akasimama hapo, aya ya kwanza itamfunga macho. Kinachoamua ni jirani za neno. Siku inayomilikiwa na Mungu inaita malipo na hukumu, na watu wawili wenye ibada mbili wanaita dini.

Hatua ya pili: tazama ngeli na upatanisho

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinafanya kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila nomino ya Kiswahili ina ngeli, na ngeli inatawala viambishi vya kila neno linaloifuata. Lakini kuna kanuni nyingine inayoweza kuipindua: kinachohesabiwa kuwa na uhai na nafsi huchukua upatanisho wa mtu, hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema kiongozi amefika, na si kimefika. Katika maneno ya dini, kanuni hii ya pili ni tamko la imani. Ukiandika Roho Mtakatifu amesema, umeshasema kwamba Roho ni nafsi. Ukiandika roho takatifu imetenda, umeshasema kwamba ni nguvu. Mashahidi wa Yehova huandika roho takatifu, kwa herufi ndogo na upatanisho wa kitu, kwa sababu ndivyo wanavyofundisha. Makanisa yanayokiri Utatu huandika Roho Mtakatifu kwa upatanisho wa mtu, kwa sababu ndivyo yanavyofundisha. Tofauti nzima ya mafundisho imeingia katika silabi moja, na Kiswahili hakikuachi ukae katikati. Lazima uchague wa au ya.

Lugha za asili hazilazimishi uchaguzi huo kwa namna hii. Kiebrania kinasema ruach, neno lenye maana ya upepo, pumzi na roho, na kisarufi mara nyingi ni la kike. Kigiriki kinasema pneuma, ambalo si la kike wala la kiume. Kilatini kinasema spiritus, la kiume. Wakristo wa kale walioandika kwa Kisiria, ambamo ruha ni neno la kike, walimtaja Roho kwa vitenzi vya kike. Baadaye waandishi wao wakaanza kutumia umbo la kiume walipomtaja Roho Mtakatifu, ingawa neno ni lilelile. Kuanzia hapo jiwekee sheria ya kwanza: jinsia ya kisarufi haithibitishi chochote kuhusu jinsia ya anayetajwa. Anayesema Roho ni wa kike kwa sababu ruach ni ya kike atalazimika kueleza pneuma imekuwaje.

Kiswahili kwa upande huu kimetupunguzia mzigo mkubwa. Yeye haina jinsia, amesema haina jinsia. Mabishano yanayozitesa lugha zenye neno moja la "yeye mwanamume" na jingine la "yeye mwanamke", kuhusu namna ya kumtaja Mungu, hayana pa kushika katika kitenzi cha Kiswahili. Yanabaki kwenye majina kama Baba na Bwana tu.

Mfano mwingine wa upatanisho ni Yohana 1:1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu." Neno ni la ngeli ya li-ya, kama jicho na jambo. Mwalimu wa sarufi angetarajia lilikuwako. Mfasiri ameandika alikuwako, akamfanya Neno kuwa nafsi tangu mstari wa kwanza, kabla msomaji hajafika aya ya 14 anapoambiwa Neno "alifanyika mwili". Kigiriki logos ni neno la kiume kisarufi, kwa hiyo msomaji wa Kigiriki alifika aya ya 14 bila kudokezwa hivyo.

Jambo linalofanana na hilo limo katika Al-Imran aya ya 45, Maryam anapobashiriwa neno litokalo kwa Mungu. Kalima kwa Kiarabu ni neno la kike, lakini mara tu baada yake inakuja ismuhu, "jina lake", na kiwakilishi hicho ni cha kiume. Sarufi imeliacha umbo la neno na kumfuata anayekusudiwa, Masihi Isa mwana wa Maryam. Kiswahili huandika "jina lake" na alama hiyo inapotea, maana lake yetu haibebi jinsia. Tafsiri haikukosea. Lugha yetu haina tu chombo cha kuibebea alama hiyo.

Mwisho katika hatua hii ni idadi. Elohim kwa Kiebrania lina kiishio cha wingi. Katika Mwanzo 1:1 kitenzi chake, bara, ni cha umoja, na tafsiri ni "Mungu aliziumba". Katika Kutoka 20:3 elohim inafuatwa na kivumishi cha wingi, acherim, na tafsiri ni "miungu mingine". Umbo ni moja, upatanisho ndio unaotenganisha Mungu na miungu. Kiswahili nacho kimefanya lake: Mungu huchukua mwingine, wa, amesema, yaani upatanisho wa mtu, ilhali miungu katika aya hiyo imechukua mingine, upatanisho uleule wa miti na mito.

Basi kwenye daftari, chini ya aya uliyonakili, pigia mstari kila kiambishi kinachopatana na neno lako, kisha jiulize: upatanisho huu umetokana na umbo la neno, au na imani ya mfasiri kuhusu kinachotajwa?

Hatua ya tatu: kichunguze kitenzi hadi kiishio chake

Vitenzi vya Kiswahili vina utajiri wa minyambuliko ambao wasomaji wengi wa maandiko hawautumii. Anza na jozi hii: fufuka na fufuliwa.

"Hayupo hapa; kwani amefufuka," inasema Mathayo 28:6. Fufuka ni kauli ya kutendeka: tukio limetokea, aliyelitenda hatajwi na wala haulizwi. Fufuliwa ni kauli ya kutendwa, nayo inaita swali: na nani? Kigiriki cha aya hiyo ni egerthe, lenye umbo la kutendwa, ambalo neno kwa neno lingekuwa "amefufuliwa", ingawa kitenzi hicho katika umbo hilo hutumika pia kwa maana ya "ameinuka". Mfasiri alikuwa na njia mbili halali, akachukua amefufuka. Katika Matendo 2:32 njia ni moja tu kwa sababu mtenda ametajwa: "Yesu huyo Mungu alimfufua." Msomaji anayetaka kujua Agano Jipya linasema nani alitenda ufufuo akusanye aya za fufuka, za fufuliwa na za fufua katika safu tatu, kisha arudi kwenye Kigiriki kuona safu hizo zinasimama vilevile au zinachanganyika. Ni kazi ya jioni moja, na inafundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Jozi ya pili imo vinywani mwa watu kila siku: nimeokoka na nimeokolewa. Nimeokoka limekuwa utambulisho. Linaeleza hali ya msemaji, na mwokozi amejificha nyuma ya kiishio. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema", na Kigiriki chake ni cha kutendwa na cha hali timilifu kwa pamoja: tendo limefanywa na mwingine, na matokeo yake yapo hadi sasa. Hapa kiambishi -me- chetu kinatosha kabisa, kwa sababu mmeokolewa ina vyote viwili. Ndivyo ilivyo pia kwa neno la msalabani katika Yohana 19:30. Kigiriki kina neno moja la hali timilifu, tetelestai, na Kiswahili kina neno moja, "Imekwisha." Zipo lugha zinazolazimika kuzunguka hapo. Yetu haizunguki.

Kwa upande wa Qurani, tazama vitenzi ambavyo Kiarabu huvibadilisha maana kwa kihusishi. Taba ila Allah ni mja kutubu, kumrudia Mungu. Taba alayhi, kama katika Al-Baqara aya ya 37 kuhusu Adam, ni Mungu kumrudia mja, na Kiswahili husema akapokea toba yake. Kitenzi ni kimoja na wanaotenda ni wawili, ila Kiswahili kimekigawa: mja anatubu, Mungu anapokea toba. Kwa mgawanyo huo uzuri fulani umefichika. Kwa Kiarabu mja na Mola wake wanafanya tendo la jina moja, kila mmoja akimwelekea mwenzake, na ndiyo maana mojawapo ya majina ya Mungu ni At-Tawwab. Mtu anayelijua hilo huisoma aya ile kwa moyo mwingine.

Vivyo hivyo katika Al-Ahzab aya ya 56. Mungu na malaika yusalluna ala n-nabi. Mungu haswali kwa maana ya kusimama na kurukuu. Ala ndiyo iliyobadilisha kitenzi, na wafasiri hutumia maneno kama kumteremshia rehema. Kiswahili cha kawaida kina kauli ya kutendea, kumswalia Mtume, na kile kiishio -ia kinafanya karibu kazi ileile inayofanywa na ala. Angalia tu usichanganye kuswali na kumswalia ukadhani ni kitu kimoja kilichoongezewa silabi.

Hatua ya nne: fungua kila -a ya uhusiano

"Upendo wa Mungu" una maana gani? Upendo alio nao Mungu kwetu, au upendo tulio nao sisi kwa Mungu? Kiswahili kinaruhusu yote mawili, na Kigiriki, he agape tou theou, kinaruhusu yote mawili pia. Basi jizoeze kuivunja kila -a ya namna hii kuwa sentensi kamili yenye mtenda na mtendwa. Andika zote mbili: Mungu anatupenda, tunampenda Mungu. Kisha soma aya kwa kila moja.

Katika 1 Yohana 5:3 mfasiri alikwisha kuvunja: "Kwa maana huku ndiko kumpenda Mungu, kwamba tuzishike amri zake." Kigiriki kina neno la upendo na "wa Mungu" tu, lakini amri zinashikwa na watu, kwa hiyo wanaopenda ni watu, na mfasiri ameandika kitenzi kinachofunga shauri. Katika Warumi 5:5 ameacha kama ilivyo: "pendo la Mungu limekwisha kumiminwa katika mioyo yetu". Wasomaji wengi huelewa ni Mungu anayetupenda. Agostino wa Hippo, mwalimu wa Kanisa la kale, alielewa ni upendo ambao Mungu anautia ndani yetu ili tumpende yeye. Pendo la Mungu halimkatazi hata mmoja wao, na mimi nampongeza mfasiri kwa kuuacha mlango wazi pale ambapo asili imeuacha wazi.

Imani ya Kristo ni mfano mzito zaidi. Wataalamu wa Paulo wamebishana kwa miaka mingi kuhusu pistis Christou katika Wagalatia 2:16: ni sisi kumwamini Kristo, au ni uaminifu wa Kristo mwenyewe? Tafsiri ikisema kumwamini Kristo imechagua. Ikisema imani ya Kristo haijachagua, ila msomaji wa Kiswahili huenda asitambue maana ya pili kwa sababu kwetu imani na uaminifu ni maneno mawili, na Kigiriki kina pistis moja. Hata hivyo tuna bahati: imani, amini, mwaminifu, amana na amani zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni ndugu wa emunah ya Kiebrania na wa ile Amina tunayofungia sala. Anayeyajua maneno hayo kwa Kiswahili ana daraja la kuvukia.

Hatua ya tano: zitilie shaka herufi kubwa

Kiebrania na Kiarabu hazina herufi kubwa na ndogo, na hati za kale za Kigiriki zilitumia umbo moja la herufi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila herufi kubwa unayoiona katika neno la dini imewekwa na mfasiri au mchapishaji.

Zaburi 110:1 ni mahali pazuri pa kujifunzia: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." BWANA ya herufi kubwa zote inasimama mahali pa jina la Mungu la herufi nne, YHWH, ambalo Wayahudi hawalitamki. Bwana ya pili ni adoni, bwana wangu, neno linaloweza kuambiwa mtu pia. Kigiriki cha Mathayo 22:44 kinatumia kyrios mara zote mbili na tofauti inatoweka. Kiswahili cha Zaburi kinaionyesha kwa uchapaji, na ukiisikia ikisomwa kwa sauti, imetoweka tena.

Katika Yohana 1:1 uzito ni mkubwa zaidi. Kigiriki theos, yaani Mungu, mwishoni mwa aya haina kitambulishi mbele yake (neno dogo kama "the" ya Kiingereza), na Kiswahili hakina vitambulishi kabisa, kwa hiyo tofauti yote kati ya "Neno alikuwa Mungu" na "Neno alikuwa mungu" inabebwa na M na m. Wanaotegemea kukosekana kwa kitambulishi wajue kwamba katika Kigiriki nomino ya kiarifu ikitangulia kitenzi mara nyingi hukosa kitambulishi, hata pale maana yake inapokuwa mahususi kabisa. Kutokuwepo kwake peke yake hakutoshi kuwa hoja, kwa upande wowote.

Na katika Al-Imran aya ya 67 Ibrahim anaitwa hanifan musliman. Mfasiri akiandika Mwislamu kwa herufi kubwa, msomaji anafikiria mfuasi wa dini yenye jina hilo. Akiandika mwenye kunyenyekea au aliyejisalimisha, msomaji anaona tendo. Kiarabu kina yote mawili katika neno moja.

Hatua ya sita: lifuate neno hadi linakotoka, na njia lililopita

Sasa fungua maandishi sambamba ya lugha ya asili, hata kama unasoma kwa kukokota. Uliza mambo mawili: umbo la asili ni lipi, na neno la Kiswahili limepita wapi hadi kufika.

Umbo kwanza. Katika Al-Fatiha aya ya 4, kisomo (namna iliyopokewa ya kuisoma Qurani) cha Hafs kutoka kwa Asim kinasema maliki, kwa kuvuta irabu ya kwanza, yaani mwenye kumiliki. Kisomo cha Warsh kutoka kwa Nafi kinasema maliki bila kuvuta, yaani mfalme. Vyote viwili ni visomo vinavyokubaliwa, na tafsiri ya Kiswahili huonyesha kimoja. Katika Al-Baqara aya ya 228 mwanamke aliyeachwa anangoja quru tatu, na neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya hedhi na pia ya tahara baina ya hedhi. Mahanafi walichukua hedhi, Mashafii na Mamaliki wakachukua tahara, na urefu wa eda hutofautiana kwa sababu hiyo. Mfasiri anayeandika neno moja tu amekwisha kuchagua madhehebu, hata kama hakusudii.

Isaya 7:14 ina historia inayofanana. Kiebrania almah ni mwanamwali, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Ukristo waliweka parthenos, bikira, na Mathayo 1:23 akanukuu kwa Kigiriki hicho. Biblia ya Kiswahili ikaandika bikira katika Isaya pia.

Kisha njia. Msamiati wa dini katika Kiswahili una maneno mengi yaliyopita kwenye Kiarabu: imani, dhambi, toba, neema, rehema, nabii, malaika. Mengine ni ya Kibantu: wokovu, ukombozi, utakatifu. Kukomboa ni kukitoa kwa malipo kitu kilichowekwa rehani, na maana hiyo inakaa vizuri na Kigiriki cha fidia. Toba nayo ina mzizi wa kurudi, sawa na shuv ya Kiebrania, ilhali metanoia ya Kigiriki huelekea kwenye kugeuka kwa nia, na Kilatini kikaandika paenitentiam agite, fanyeni kitubio. Katika hoja ya kwanza ya zile 95 za mwaka 1517, Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alidai kwamba Kristo aliposema tubuni alikusudia maisha yote ya waamini yawe toba, na katika ya pili akasema neno hilo haliwezi kueleweka kuwa ni sakramenti ya kitubio. Kiswahili leo kina toba na kitubio kama maneno mawili, na tofauti ile inasikika bila maelezo.

Hatua ya saba: linganisha tafsiri, ukianza na mfano huu

Luka 1:28, salamu ya malaika. Union Version: "Salamu, uliyepewa neema." Sala ya Wakatoliki: "Salamu Maria, umejaa neema." Kigiriki: kecharitomene.

Neno hilo moja ni kitenzi cha neema, kauli ya kutendwa, hali timilifu, umbo la kike, la kuitia. Lichambue kwa Kiswahili: ewe uliyeneemeshwa na ambaye ungali katika hali hiyo. Uliyepewa neema imeshika kauli ya kutendwa, ila -li- imesogeza tendo nyuma na kupunguza ule uendelevu. Umejaa neema imeshika hali inayoendelea, ila kauli ya kutendwa imepotea, kwa sababu imetoka kwenye Kilatini gratia plena. Kila moja imebeba nusu.

Usiishie hapo. Tafuta kitenzi hicho mahali pengine: kimo katika Waefeso 1:6, na wanaoneemeshwa ni waamini wote. Kisha tafuta msemo ambao kwa Kigiriki ni "kujaa neema" neno kwa neno: umo katika Matendo 6:8, kuhusu Stefano. Sasa una ushahidi wa kuzungumza na mtu wa kanisa lolote kwa adabu, kwa kuwa unajua sarufi imempa kila upande nini.

Hatua ya nane: pima sarufi inaweza kubeba kiasi gani

Kosa linalopatikana sana kwa wanaoanza kufurahia mizizi ni kudhani mzizi ndio maana. Kwa Kiarabu dini na deni zina herufi za mzizi zinazofanana, na mahubiri yamejengwa juu ya hilo. Kama ukumbusho, sawa. Kama ushahidi wa maana ya aya, hapana, mpaka aya yenyewe ionyeshe. Vilevile ekklesia, ambayo wengi huieleza kuwa "walioitwa watoke". Katika Matendo 19:32 ekklesia ni ule umati wenye ghasia wa Efeso, na Kiswahili kimeandika mkutano. Hakuna aliyeitwa atoke humo.

Kosa la pili ni kudhani sarufi itamaliza ugomvi. Katika Al-Maida aya ya 6, kuhusu udhu, visomo vinavyokubaliwa ni viwili. Arjulakum, kwa fatha (irabu a), huiunga miguu na nyuso na mikono inayooshwa. Arjulikum, kwa kasra (irabu i), huiunga na vichwa vinavyopakwa maji. Masunni huosha miguu, Mashia huipaka. Ungedhani kila kundi limeshika irabu yake, lakini hapana: Masunni wana maelezo ya kisarufi ya kasra na bado wakaosha, na Mashia wana maelezo ya kisarufi ya fatha na bado wakapaka. Hadithi, mapokezi na matendo ya waliotangulia ndivyo vilivyoamua, na sarufi ikaonyesha ni njia zipi ziko wazi. Tafsiri za Kiswahili za Kisunni huongeza kitenzi, osheni miguu yenu, ambacho Kiarabu hakikukirudia, kwa sababu sentensi ya Kiswahili bila kitenzi hicho ingeielekeza miguu kwenye kupakwa.

Kwa hiyo, chini ya kila neno ulilolichunguza, andika mistari mitatu. Wa kwanza: sarufi ya asili inalazimisha nini. Wa pili: inaruhusu nini bila kulazimisha. Wa tatu: mfasiri wa Kiswahili amechagua kipi, na kiambishi, kauli au herufi gani inaonyesha uchaguzi huo. Ukiona mstari wa kwanza umekuwa mrefu kuliko wa pili, rudi uukague; mara nyingi mafundisho yako mwenyewe yameingia humo yakijiita sarufi. Anza na roho, ukitumia aya kumi za Agano la Kale na kumi za Agano Jipya, au na rabb katika juzuu moja ya Qurani, ukiandika kila mahali ilipokuwa Mola, Mlezi au Bwana.